Wakfu wa Jaji Gifford

Tarehe 21 Agosti 1885, katika nyumba yake ya Granton iliyokuwa pembezoni mwa jiji la Edinburgh, jaji mstaafu Adam Gifford, ambaye maradhi ya kupooza yalikuwa yamemshika tangu mwaka 1872 yakamwondolea nguvu za mwili pasipo kuigusa akili yake, aliandikisha wasia. Na katika wasia huo, baada ya kuwakumbuka jamaa zake na wengine aliokuwa na wajibu kwao, alitenga pauni 80,000 kwa vyuo vikuu vinne vya Uskoti, ambazo hazikukusudiwa kujengea jumba litakaloitwa kwa jina lake wala kusimamisha sanamu, maana alizitenga kwa ajili ya maneno tu: mihadhara itakayotolewa mbele ya watu wote, mwaka hadi mwaka, juu ya Mungu, juu ya asili ya wema na uovu, na juu ya wajibu wa mwanadamu unaotokana na mambo hayo. Chuo cha Edinburgh kilipewa pauni 25,000, Glasgow na Aberdeen kila kimoja 20,000, na St Andrews, ambacho ndicho kikongwe kuliko vyote vinne, 15,000. Gifford alifariki dunia tarehe 20 Januari 1887, na mwaka uliofuata mihadhara ikaanza. Inaendelea hata leo.

Watu wa pwani hawahitaji kufafanuliwa sana tendo hilo. Aliyekulia Lamu, Mombasa au Unguja karibu na msikiti anajua kwamba nyumba fulani au shamba fulani la minazi halina mrithi, kwa sababu mwenyewe alilifungia wakfu kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, shina lake lisiuzwe wala lisigawanywe, na mapato yake yatumike kwa mafuta ya taa, kwa chakula cha yatima, au kwa posho ya mwalimu wa darsa. Gifford alikuwa Mskoti aliyelelewa katika Ukristo, wakili aliyepanda kwa juhudi yake hadi kiti cha jaji, mpenzi wa falsafa ya Spinoza na maandishi ya Emerson, na pengine hakupata kulisikia neno wakfu maishani mwake. Lakini alichokifanya ni hicho hicho, kwa tofauti moja ambayo ndiyo iliyonivuta niandike makala haya, nayo ni kwamba hakumtaka mwalimu wa wakfu wake awe wa madhehebu yake, wala wa madhehebu yoyote.

Masharti aliyoyaweka yastahili kuelezwa kwa utulivu, kwa kuwa ndani yake mna fikira nzima juu ya kazi ya chuo kikuu. Mhadhiri asiulizwe dini yake, wala asiapishwe kiapo cha namna yoyote. Aweza kuwa mfuasi wa imani hii au ile, au asiwe na imani hata moja, hata akiwa mtu wa kushuku kila kitu, mradi awe mwenye uwezo na staha, mfikiri wa kweli, na mtafutaji wa ukweli kwa moyo safi. Azungumze juu ya Mungu kama vile mnajimu anavyozungumza juu ya nyota na mwanakemia juu ya madini, yaani kwa hoja na ushahidi ambao kila mwenye akili aweza kuupima, pasipo kuegemea ufunuo wa kitabu fulani au muujiza fulani. Hiyo ndiyo elimu ambayo wanazuoni wa Ulaya huiita teolojia ya maumbile. Na mihadhara yenyewe iwe ya hadhara, ieleweke na watu wa kawaida, milango yake iwe wazi kwa jamii yote hata kwa wale ambao hawakuandikishwa chuoni, na ikiwa lazima kutoza ada basi ada hiyo iwe ndogo iwezekanavyo. Jaji aliamini kwamba maarifa ya mambo hayo ni haki ya kila mtu na yana manufaa kwa kila mtu, na kwamba hayapotezi utukufu wake yanaposikilizwa na fundi wa viatu.

Ili msomaji auone ujasiri uliomo katika masharti hayo, hana budi kukumbuka nchi yalikoandikiwa. Katika jiji lile lile la Edinburgh, tarehe 8 Januari 1697, mwanafunzi wa chuo kikuu aitwaye Thomas Aikenhead, kijana wa umri wa miaka ipatayo 20, alinyongwa kwa kosa la kukufuru, kwa maneno aliyoyasema mbele ya wenzake juu ya Biblia na Utatu. Mwaka 1745 David Hume, ambaye leo ulimwengu unamhesabu miongoni mwa wanafalsafa wakubwa waliopata kuzaliwa Ulaya, alinyimwa kiti cha ualimu wa maadili katika chuo hicho kwa sababu makasisi hawakuiridhia itikadi yake. Hadi mwaka 1853 profesa wa chuo cha Uskoti alitakiwa kisheria atie saini ungamo la imani la Kanisa la nchi, hata kama somo lake lilikuwa hesabu au falaki. Na mwaka 1881, miaka minne tu kabla ya Gifford kuandika wasia wake, William Robertson Smith, bingwa wa Kiebrania na Kiarabu, aliondolewa katika kiti chake kwenye chuo cha Kanisa Huru huko Aberdeen kwa sababu ya makala aliyoyaandika juu ya namna vitabu vya Biblia vilivyotungwa. Mtu aliyeishi miongoni mwa mambo kama hayo, akaketi mahakamani akisikiliza pande mbili za kila shauri kabla ya kutoa hukumu, alikuwa na sababu ya kutamani kwamba mashauri makubwa kupita yote nayo yapate baraza ambamo pande zote husikilizwa.

Nimesema baraza, nami sitaki msomaji achanganye mhadhara na vikao vingine tulivyovizoea. Katika hotuba ya Ijumaa au mahubiri ya Jumapili msemaji na wasikilizaji wamekwisha kukubaliana juu ya msingi, nao wamekuja kukumbushwa na kutiwa nguvu. Katika mkutano wa siasa msemaji ametumwa na chama, naye huwataka wasikilizaji wampe mikono yao na kura zao. Mhadhiri hana haki ya kudai lolote kati ya hayo. Hana mamlaka ya kuamrisha wala ya kuahidi, na alicho nacho ni hoja yake tu, ambayo msikilizaji aweza kurudi nayo nyumbani, akaigeuza usiku kucha, akaikataa asubuhi, asiwe amevunja ahadi na mtu. Mambo ya dini na ya siasa, ambayo kwingineko husemwa kwa amri au kwa kelele, yakiletwa mbele ya baraza la namna hiyo hupata nafasi ambayo ni adimu kuipata mahali pengine.

Mwaka wa kwanza, 1888, Glasgow ilimwita Max Müller, Mjerumani aliyekuwa mwalimu Oxford, msimamizi wa juzuu nyingi za tafsiri za vitabu vitakatifu vya Mashariki. Aliposimama na kuzilinganisha dini za India, za Uajemi na za Ulaya kana kwamba zote ni matawi ya jitihada moja ya mwanadamu, baadhi ya wakuu wa dini walighadhibika, wakapeleka mashtaka katika vikao vya kanisa, wakihoji chuo kumpa mimbari. Mashtaka hayakufika mbali. Wasia ulikuwa wazi mno, na chuo kilisimama juu ya maneno ya jaji kama mtu asimamavyo juu ya hati ya kiwanja chake.

Aliyeipa mihadhara hiyo jina duniani, hata hivyo, ni Mmarekani. William James, mwalimu wa Harvard, tabibu kwa mafunzo yake na bingwa wa elimu ya nafsi, aliitwa Edinburgh lakini maradhi ya moyo yakamchelewesha, hata ikambidi asubiri kabla ya kuweza kusimama mbele ya watu mwaka 1901, akatoa mihadhara kumi, na mwaka 1902 akatoa mingine kumi. Hakuanza kwa kuuliza kama Mungu yuko au hayuko. Alianza kwa kukusanya shuhuda: barua, shajara na maungamo ya watu waliosema kwamba wamekutana na jambo kubwa kuliko nafsi zao, wakabadilika, akayasoma maandishi ya Tolstoy aliyekaribia kujiua kabla ya kuiona tena njia, ya Teresa wa Avila, ya George Fox aliyeanzisha jumuiya ya Quaker, na, jambo ambalo msomaji wa pwani atalifurahia, ya Imamu Al-Ghazali, ambaye James aliyanukuu kwa marefu masimulizi yake juu ya namna alivyouacha ualimu wa Baghdad, wenye jina na heshima, akaenda kutafuta yakini kwa njia ya masufi. Hivyo katika mji ule ambao miaka 205 nyuma ulimnyonga kijana kwa maneno, watu wa mjini waliketi wakasikiliza ushuhuda wa mwanachuoni wa Kiislamu wa karne ya 11 ukiwekwa kando ya ushuhuda wa watawa na wahubiri wa Kikristo, pasipo mmoja kudhalilishwa ili mwingine atukuzwe.

Kipimo cha James kilikuwa matunda. Kwamba hali fulani ya dini huenda ilianzia katika ugonjwa, au katika huzuni, au katika utoto wa mtu, hakukumfanya aidharau. Alitaka kujua maisha yaliyoota juu yake yalikuwa maisha ya namna gani, je, yalizaa subira, ujasiri na upendo, au yalizaa ukali na majivuno. Mimi naona kwamba hapo ndipo mhadhara wa hadhara ulipoonyesha uwezo wake wote, kwa maana muumini aliondoka akiwa amejifunza kuiangalia imani yake kwa jicho la haki, na asiyeamini aliondoka akiwa amejifunza kuiheshimu imani ya jirani, na hakuna aliyetakiwa asaliti dhamiri yake mlangoni. Kitabu kilichotokana na mihadhara hiyo kilichapishwa mwaka 1902, na tangu siku hiyo hakijapata kukosa wasomaji.

Si kila mhadhiri alibarikiwa hivyo. Henri Bergson alianza vema Edinburgh mwaka 1914, akizungumza kwa Kifaransa, na vita vya mwaka huo vikaukata mfululizo wake nusu. Alfred North Whitehead, mwaka 1928, alikuja na falsafa nzito yenye istilahi alizozibuni mwenyewe, na umati uliofurika siku ya kwanza ukapungua hata waliobaki wakawa wa kuhesabika kwa vidole. Kitabu chake kimekuwa nguzo ya falsafa, lakini sharti la jaji kwamba mihadhara ieleweke na watu wa kawaida halikutimizwa siku zile, nami sioni sababu ya kulificha jambo hilo kwa ajili ya ukubwa wa jina la mtu. Mwanachuoni aitwaye mbele ya umma ana deni la kueleweka.

Kisa kinachonipendeza kuliko vyote ni cha Karl Barth. Huyu alikuwa Mswisi, mwanateolojia aliyefundisha Ujerumani, aliyeamini kwa nguvu zake zote kwamba mwanadamu hawezi kumfikia Mungu kwa akili yake na kwamba Mungu hujulikana pale tu anapojidhihirisha mwenyewe. Kwa maneno mengine, alikuwa adui aliyejitangaza wa ile elimu ambayo Gifford aliitolea mali yake. Chuo cha Aberdeen kilipomwita, Barth aliwajibu kwa unyofu kwamba yeye ni mpinzani wa teolojia ya maumbile. Nao hawakuurudisha nyuma mwaliko. Akaja, mwaka 1937 na 1938, akaeleza kwamba elimu hiyo itafaidika kwa kumsikia mpinzani wake, kisha akayafasiri mbele ya Waskoti maungamo yao wenyewe ya mwaka 1560, yaliyoandikwa na John Knox na wenzake, ambayo wengi wao walikuwa wameyasahau.

Walimsikiliza wakijua anatoka wapi. Mwaka 1934 ndiye aliyekuwa mwandishi mkuu wa azimio la Barmen, ambalo ndani yake Wakristo wa Ujerumani waliokataa kuiabudu dola walitangaza kwamba Kanisa halina bwana mwingine nje ya Kristo. Na mwaka 1935 alipoteza kiti chake katika chuo cha Bonn kwa kukataa kumwapia Hitler kiapo kisicho na sharti, akarudi kwao Uswisi. Basi alipofika kwenye sehemu ya ungamo inayohusu serikali, na juu ya wajibu wa kuwalinda wasio na hatia na kuuzuia udhalimu, maneno ya mwaka 1560 yalikuwa na uzito ambao hakuna mkutano wa chama ungeweza kuyapa. Alionyesha kwamba utii wa muumini kwa watawala si utii wa kipofu, na kwamba iko saa ambayo kumtii Mungu ni kumpinga mtawala. Asiyejua dini angeweza kuielewa hoja yenyewe, na asiyependa siasa angeweza kuiona haki iliyomo. Na mtu aliyeyatamka hayo alikuwa amekwisha kuyalipia.

Mwaka mmoja baadaye Edinburgh ilimpokea Reinhold Niebuhr, mchungaji wa Kimarekani aliyekaa Detroit kuanzia mwaka 1915 hadi 1928 akiyaona kwa macho yake maisha ya wafanyakazi wa viwanda vya magari, kisha akawa mwalimu New York. Alizungumza juu ya tabia na hatima ya mwanadamu katika mifululizo miwili, wa majira ya kuchipua na wa Oktoba 1939, na kati ya mfululizo wa kwanza na wa pili vita vikuu vikaanza. Tarehe 16 Oktoba ndege za Kijerumani zilizishambulia manowari katika ghuba ya Forth, karibu na jiji. Na husimuliwa kwamba ngurumo ilisikika katika ukumbi wa mhadhara, na Niebuhr, akiwaona watu wanatukutika vitini, alidhani kwanza kuwa ni yeye aliyesema jambo baya. Alikuwa akiwaeleza kwamba chanzo cha maovu ni kiburi cha mwanadamu anayekataa kukiri mipaka yake, na kwamba kiburi hicho hukua kinapovaa nguo za taifa, tabaka au hata dini, kwa sababu mtu mmoja aweza kuona haya, ilhali umati hauoni.

Sasa sharti niseme neno la lawama, kwani wasia mzuri hauwafanyi wasimamizi wake kuwa wema. Jaji alifungua mlango kwa watu wa kila imani, lakini vyuo vilichukua muda mrefu kuwatafuta nje ya duara la wanaume wa Ulaya na Marekani. Mwanamke wa kwanza kupanda mimbari ya Gifford alipanda mwaka 1973, miaka 85 baada ya mihadhara kuanza. Mwislamu wa kwanza alipanda mwaka 1981. Sina shaka kwamba hasara ya uchelewaji huo ilikuwa ya wasikilizaji.

Mwanamke huyo alikuwa Hannah Arendt. Alizaliwa Ujerumani katika jamaa ya Kiyahudi, akakimbia mwaka 1933, akaishi Ufaransa kama mkimbizi, akavuka kwenda Marekani mwaka 1941. Na mwaka 1961 alikwenda Jerusalem kuisikiliza kesi ya Adolf Eichmann, afisa aliyesimamia usafirishaji wa Wayahudi kupelekwa kwenye kambi za mauti. Alitarajia kumwona jitu la uovu, akamwona mtu wa ofisini, mwenye maneno ya kukariri, ambaye hakuonekana kuwa amewahi kujiuliza swali hata moja juu ya alichokitenda. Tangu hapo swali moja halikumwacha, nalo ndilo alilolipeleka Aberdeen: je, kufikiri kwenyewe, yaani ile tabia ya mtu kusimama na kuzungumza na nafsi yake, yaweza kuwa miongoni mwa mambo yanayomzuia mtu asitende uovu?

Naomba msomaji alitazame swali hilo kwa upande wa elimu, kwa kuwa kila mzazi anayelipa ada analibeba ndani yake hata kama hajalitamka. Tunapeleka watoto shuleni wapate maarifa, na maarifa wanayapata. Wanajua kuhesabu, kuandika barua rasmi, kuendesha mitambo na kutunza majalada. Arendt alitofautisha kujua na kufikiri. Maarifa hutupa jibu ambalo laweza kuwekwa akiba na kutumiwa kesho. Kufikiri hakuweki akiba, huanza upya kila siku, na faida yake ni kwamba mtu aliyezoea kujihoji atalazimika kuishi na nafsi yake, naye hatapenda kuishi na muuaji. Ikiwa hoja hiyo ina ukweli, basi nchi yaweza kujaza shule na vyuo, ikatoa wahandisi na makarani wa kutosha, na bado isiwe imewafunza watu wake jambo litakalowaokoa siku watakapoamriwa kutenda dhuluma kwa muhuri na saini. Mwezi Mei 1974, alipokuwa ameanza mfululizo wa pili, Arendt alipatwa na shtuko la moyo huko huko Aberdeen. Alifariki New York tarehe 4 Desemba 1975, sehemu ya tatu ya kazi yake, iliyohusu kuhukumu, ikiwa haijaandikwa.

Seyyed Hossein Nasr, Mwajemi aliyeondoka kwao mwaka 1979 wakati wa mapinduzi, alisimama Edinburgh mwaka 1981, na hoja yake ingemfanya shehe yeyote wa Lamu aitikie kwa kichwa: kwamba elimu ya zama hizi imekatwa kutoka katika utakatifu, imekuwa chombo cha kutawala vitu, na kwamba katika mila zote kuu za dini, si katika Uislamu peke yake, kujua na kumwelekea Mungu vilikuwa safari moja. Kati ya Nasr na Arendt pana umbali mkubwa, nao wote wawili walilipwa kutoka katika mfuko ule ule wa jaji.

Liko pia jina moja katika orodha hiyo linalotugusa sisi wa Afrika Mashariki kwa karibu zaidi. John Macmurray alikuwa profesa wa falsafa ya maadili Edinburgh kuanzia mwaka 1944 hadi 1958, na miongoni mwa wanafunzi waliosoma chuoni hapo katika miaka hiyo alikuwamo Julius Kambarage Nyerere, aliyeingia mwaka 1949 na kuhitimu mwaka 1952, falsafa ya maadili ikiwa miongoni mwa masomo yake. Macmurray alitoa mihadhara ya Gifford huko Glasgow mwaka 1953 na 1954. Alipigana katika vita vya kwanza vya dunia, na mara moja, akiwa bado katika sare, alihubiri kanisani juu ya upatanisho na maadui, waumini wakamnunia. Akaamua asijiunge na kanisa lolote, akashika imani yake peke yake hadi alipostaafu na kuingia katika jumuiya ya Quaker. Aliyoyasema Glasgow ni kwamba falsafa ya Ulaya ilikosea tangu ilipomweka mwanadamu peke yake chumbani akifikiri, kwa maana mwanadamu kwanza ni mtendaji, na hawezi kuwa nafsi kamili isipokuwa katika uhusiano na nafsi nyingine. Wazee wetu walilisema hilo kwa maneno matatu: mtu ni watu. Na mwaka 1958, katika mhadhara wa hadhara alioutoa Edinburgh juu ya elimu, alisisitiza kwamba kazi ya kwanza ya elimu ni kujifunza kuwa binadamu, yaani kuishi na wenzetu, na kwamba ufundi wa kazi huja nyuma ya hilo.

Sidai kwamba Mwalimu Nyerere aliyatoa mawazo yake darasani Edinburgh. Mwenyewe alieleza tangu mwaka 1962 kwamba Ujamaa una mizizi yake katika jamaa ya Kiafrika. Lakini mtu anayesoma andiko lake, Elimu ya Kujitegemea, la Machi 1967, pale linapoilaumu elimu ya kikoloni kwa kumfunza mtoto kujiinua peke yake na kuitenga shule na kijiji, atawaona watu wawili waliokuwa wakikabili swali moja, mmoja kwa lugha ya falsafa, mwingine akiwa na nchi maskini mikononi mwake na watoto wengi waliokuwa wakimaliza darasa la saba bila nafasi ya sekondari.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kina kiti chake cha mihadhara. Kigoda cha Mwalimu Nyerere cha taaluma ya umajumui wa Afrika kilianzishwa mwaka 2008, Profesa Issa Shivji akiwa wa kwanza kukikalia, na mwaka 2009 mwandishi Wole Soyinka alikuja kwenye kampasi ya Mlimani kutoa mihadhara, akafuatiwa mwaka 2010 na mchumi Samir Amin. Walioketi katika Ukumbi wa Nkrumah siku hizo walisikia mambo ambayo mwananchi wa Manzese au Mbagala anayahitaji kama wao: Afrika ilifikaje hapa ilipo, nani anafaidi, na msomi anawajibika kwa nani. Waliyasikia kwa Kiingereza.

Nami ninayo haja moja ninayoiweka mbele ya wakuu wa vyuo vyetu, wa Dar es Salaam, wa Zanzibar, wa Nairobi na wa Mombasa. Gifford alitaja ada ndogo na mlango wazi, wala hakuwa na sababu ya kutaja lugha, kwa kuwa fundi wa viatu wa Edinburgh na profesa wake walisema lugha moja. Kwetu mlango waweza kuwa wazi na mtu asiingie. Basi kila mhadhara mkubwa utakaotolewa kwa Kiingereza kilimani urudiwe wiki ile ile kwa Kiswahili mjini, saa za jioni baada ya kazi kufungwa, na mtu wa sokoni apewe haki ya kuuliza swali na kujibiwa kwa taadhima ile ile anayopewa daktari wa falsafa. Kwa Dar es Salaam ukumbi wa Arnautoglu pale Mnazi Mmoja wafaa, nao hauko mbali na mtaa wa Lumumba, ambako Chuo chenyewe kilifungua madarasa yake ya kwanza mwaka 1961 katika jengo la chama cha TANU, miaka mitatu kabla ya kuhamia Mlimani.